Mikono ya Wauguzi wa Kagera na Mzio wa Dawa za Kuua Vijidudu

Mkoa wa Kagera umejifunza kunawa mikono kwa gharama kubwa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania waliripotiwa mkoani humo, na kwa miaka mingi iliyofuata hospitali za Bukoba na Muleba ziliuguza watu waliokuwa na ugonjwa ambao mitaani uliitwa Juliana. Machi 21, 2023 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Bukoba Vijijini ulikuwa homa ya Marburg. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha Juni 2, watu 9 walikuwa wameugua na 6 wamekufa, miongoni mwao mhudumu wa afya. Januari 2025 Marburg ikarudi, safari hii Biharamulo, na wote 10 waliohesabiwa kuugua wakafariki. Kila mara maelekezo yalikuwa yaleyale: ndoo ya klorini mlangoni, glavu, sabuni, spiriti, kisha kunawa tena.

Maelekezo hayo yameokoa watu na lazima yaendelee. Ninachotaka kuchambua ni upande wake usiozungumzwa, yaani ngozi ya huyo anayenawa. Mhudumu wa afya hatumii dawa za kuua vijidudu siku ya mlipuko tu. Anazishika tangu anapoingia zamu hadi anapotoka, na baadhi yao hufika mahali mwili ukazikataa. Kukataa huko ndiko mzio, au aleji kama wengi tunavyosema. Mzio wenyewe huwapata wachache, lakini njia inayoelekea huko wanaipita wengi. Hospitali inayouona kuwa udhaifu wa mtu binafsi inabomoa kwa mkono wake kinga inayoijenga dhidi ya maambukizi.

Ifikirie hospitali ya aina ya Rubya, kwenye miinuko ya Ihangiro wilayani Muleba, iliyo chini ya Jimbo Katoliki la Bukoba na inayotumika kama hospitali teule ya halmashauri. Hospitali za namna hii ndizo zinazobeba uzito wa wilaya: akina mama wanaojifungua, watoto wenye malaria, ajali za bodaboda, vidonda, upasuaji wa dharura usiku. Muuguzi wa leba ananawa kabla ya kumpima mama, anavaa glavu, anasafisha kwa Savlon, anavua glavu, ananawa, anavaa nyingine. Vifaa vinalowekwa kwenye klorini ya asilimia 0.5. Mfanyausafi anapiga deki kwa JIK. Zamu ikiisha, muuguzi huyohuyo anarudi nyumbani kufua kwa sabuni ya unga, kuosha vyombo na kumenya ndizi za chakula cha jioni, ambazo utomvu wake nao hauihurumii ngozi. Mikono yake haipumziki kokote, na ndiyo maana ni vigumu hata kwake mwenyewe kusema kilichoiumiza ni kipi.

Hapa kuna mambo mawili ambayo lazima yatenganishwe, kwa kuwa kuyachanganya ndiko kunakozaa tiba mbovu. La kwanza ni mchubuko wa kemikali. Ngozi ya mkono ina mafuta yake yanayozuia maji yasipenye ndani na unyevu usitoke nje, kama jani la mgomba lenye nta, ambalo maji huteleza juu yake. Lisugue hadi nta iishe, na jani litalowa kisha lichanike. Sabuni, maji ya mara kwa mara, klorini kali na jasho ndani ya glavu huondoa kinga hiyo kidogokidogo. Mikono inakauka, inapasuka kwenye vifundo na katikati ya vidole, inawasha, inauma ikiguswa na spiriti. Hili linaweza kumpata yeyote, na hutegemea wingi: ukipunguza kugusa, ngozi inapona. Katika nchi za Ulaya ambako jambo hili limechunguzwa sana, takriban mhudumu mmoja kati ya watano, na katika tafiti nyingine zaidi ya hapo, hupata ukurutu wa mikono ndani ya mwaka, na sehemu kubwa ya ukurutu huo ni mchubuko wa aina hii.

La pili ni mzio wenyewe, nao haujali wingi. Chembe ndogo ya kemikali inapenya ngozi iliyochubuka, inajishikiza kwenye protini za mwili, na chembechembe za ulinzi zilizo ndani ya ngozi zinaibeba hadi kwenye tezi. Huko mwili unajifunza kuitambua kama adui. Kwa kawaida mafunzo hayo huchukua wiki mbili hivi, na mtu hahisi lolote. Anaweza kuitumia dawa hiyo miaka mingi bila shida kabla mwili haujajifunza. Ukishajifunza, hausahau. Kuanzia hapo kiasi kidogo tu kinatosha kuleta malengelenge na muwasho baada ya siku moja hadi tatu, na ni kwa sababu ya kuchelewa huko watu hulaumu kitu kisichohusika: chakula cha jana, sabuni mpya, wengine hata jicho la mtu. Ipo pia aina ya haraka, ambayo ndani ya dakika chache huleta vipele vya kuvimba, mafua, kifua kubana, na ikizidi sana presha hushuka ghafla hadi mtu akazimia au kufa. Hiyo ndiyo anafilaksisi.

Uhusiano wa mambo hayo mawili ndio kiini cha suala zima. Ngozi nzima ni ngumu kupenywa, na ngozi iliyopasuka ni mlango wazi. Kila muuguzi anayeambiwa avumilie mikono iliyokauka kwa kuwa ndiyo kazi, anaachwa mlangoni hapo miaka na miaka.

Dawa zenyewe hazilingani kwa hatari. Inayostahili kuangaliwa kwa karibu kuliko zote ni klorheksidini. Iliingia sokoni Uingereza mwaka 1954 kwa jina la Hibitane, na leo imo ndani ya Savlon pamoja na setrimidi, imo kwenye dawa za kusukutua mdomo, kwenye jeli ya kuingizia mpira wa mkojo, kwenye vitambaa vya kupangusia ngozi kabla ya sindano, hata kwenye baadhi ya mipira ya dripu inayoingizwa kwenye mishipa mikubwa. Ni dawa nzuri sana, kwani hubaki kwenye ngozi ikiendelea kuua vijidudu kwa saa nyingi. Lakini inaweza kuleta aina zote mbili za mzio, ule wa kuchelewa na ule wa dakika chache. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya kukusanya taarifa 52 za anafilaksisi iliyohusishwa na klorheksidini inayopakwa kwenye ngozi, tangu 1969 hadi 2015. Uingereza, uchunguzi mkubwa wa madaktari wa usingizi uliotolewa 2018 uliiweka klorheksidini nafasi ya tatu kati ya visababishi vya anafilaksisi wakati wa upasuaji, ikiwa na takriban asilimia 9 ya matukio.

Je, wahudumu wanaoigusa kila siku wamo hatarini kuliko wengine? Hapa ushahidi unavuta pande mbili, na ni haki kuusema wote. Watafiti wa Denmark waliotoa matokeo yao mwaka 2003 waliwapima wafanyakazi 104 wa hospitali na hawakumkuta hata mmoja mwenye mzio wa klorheksidini. Miaka michache baadaye Uingereza waliripotiwa wahudumu wa afya waliokuwa na mzio wa haraka wa dawa hiyo, wengine baada ya kusumbuliwa muda mrefu bila kujua chanzo. Nionavyo mimi, matokeo haya hayapingani. Yanaonyesha kwamba jambo ni adimu, hivyo huwezi kulikuta ukipima watu mia moja, lakini lipo, na kwa anayepatwa nalo ni zito.

Uzito wake unaonekana siku mhudumu anapogeuka mgonjwa. Muuguzi ambaye Savlon imekuwa ikimwasha vidole kwa miaka, na ambaye amezoea kujikuna na kunyamaza, siku moja atalala kwenye kitanda cha upasuaji kujifungua. Tumbo litapakwa dawa, mpira wa mkojo utaingizwa na jeli yake, mshipa utachomwa baada ya kupanguswa. Klorheksidini sasa inagusa utando laini na njia ya mkojo, ambako inapenya mwilini haraka kuliko kwenye kiganja. Presha ikishuka, daktari wa usingizi atafikiria kwanza damu inayotoka, sindano ya mgongoni, antibaiotiki. Dawa ya kusafishia ndiyo ya mwisho kushukiwa, na pengine itapakwa tena. Wanawake ndio wengi miongoni mwa wauguzi, na wengi huzaa katika hospitali ileile wanakofanya kazi. Kipele kidogo cha mkononi ambacho hakikuandikwa popote ndicho kilichopaswa kuwa onyo.

Nisieleweke kuwa natia watu hofu ya klorheksidini. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ipakwe kwenye kitovu cha mtoto aliyezaliwa nyumbani katika maeneo yenye vifo vingi vya vichanga, kwa kuwa tafiti za Asia zilionyesha inaokoa maisha. Pemba nako kulifanyika jaribio kubwa lililohusisha watoto zaidi ya 36,000, na matokeo yaliyochapishwa 2016 hayakuonyesha tofauti ya vifo iliyo wazi. Dawa hiyohiyo inaweza kuwa msaada mahali pamoja, isibadilishe kitu mahali pengine, na kwa mtu mmoja mwenye mzio ikawa hatari.

Iodini inastahili maneno machache, kwa sababu kuna imani inayodhuru. Ukanda wa Ziwa Victoria ni wa walaji samaki na dagaa, na mtu anayewashwa na samaki huambiwa hawezi kupakwa dawa ya kahawia ya iodini. Si kweli. Mzio wa samaki unatokana na protini za nyama yake. Iodini, yaani madini joto, imo kwenye chumvi tunayokula wote, na mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Wengi wanaopata vidonda baada ya dawa hii wameunguzwa tu: dawa ilikusanyika chini ya mgongo au makalio wakati wa upasuaji, ikakaa mbichi kwa saa nzima. Mzio wa kweli upo lakini ni nadra. Dettol nayo, ambayo kiini chake ni kloroksilenoli, inajulikana kuleta mzio wa kuchelewa, na wengi hukutana nayo nyumbani kabla ya kuingia wodini, kwenye maji ya kuoga na ya kuoshea watoto, tena bila kupimwa. Glutaraldehidi, inayouzwa kwa majina kama Cidex na kutumika kuloweka vifaa visivyostahimili moto, ni mbaya zaidi kwa sababu mvuke wake unaweza kuleta hata pumu ya kazini.

Klorini na spiriti zinalaumiwa kuliko zinavyostahili, walau kwa upande wa mzio. Zote mbili huleta mchubuko, na klorini huwasha macho na kifua, lakini kesi za mzio halisi dhidi yake ni chache mno. Tatizo la klorini ni vipimo. JIK ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji ili kupata asilimia 0.5, na hiyo ni ya vifaa, sakafu na damu iliyomwagika. Ya mikono, pale ambapo sabuni au kitakasa cha spiriti hakipo, ni asilimia 0.05, yaani hafifu mara kumi. Siku za mlipuko, ndoo mbili zinakaa jirani, lebo inafutika kwa maji, mtu anachanganya kwa makadirio ya jicho, na wodi nzima inaoga mikono kwa dawa ya sakafu. Wakati wa Ebola Afrika Magharibi, kati ya 2014 na 2016, wahudumu wengi walilalamikia ngozi, macho na kifua kutokana na klorini. Kuhusu kitakasa cha spiriti, kinauma kwa sababu ngozi imeshapasuka, na muuguzi anaposikia uchungu huo hurudi kwenye sabuni akiamini ndiyo salama. Kumbe anakimbilia kinachomwumiza zaidi. Fomula ya Shirika la Afya Duniani ina gliserini ya asilimia 1.45 kwa kusudi hilohilo la kulinda ngozi. Mkono usio na uchafu unaoonekana unafaa kupakwa kitakasa, na sabuni ibaki kwa mkono wenye damu au uchafu.

Glavu nazo zina historia inayopaswa kufundishwa katika kila chuo cha uuguzi. Majira ya baridi ya 1889 kuelekea 1890, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, Caroline Hampton, alikuwa anataka kuacha kazi kwa sababu dawa ya zebaki waliyotumia kusafishia ilikuwa imemharibu mikono. Daktari William Halsted, ambaye baadaye alimwoa, aliiomba kampuni ya Goodyear itengeneze glavu nyembamba za mpira kwa ajili yake. Faida ya kumkinga mgonjwa na vijidudu ilionekana baadaye. Yaani kifaa tunachokiona leo kuwa cha kumlinda mgonjwa kilianza kwa sababu mtu mmoja mwenye madaraka alikataa kuona mikono ya muuguzi ikiharibika.

Miaka karibu mia moja baadaye Ukimwi ulilazimisha dunia nzima kuvaa glavu, na mzio wa utomvu wa mpira ukazuka miongoni mwa wahudumu. Unga uliotiwa ndani ya glavu ulibeba protini za mpira hadi hewani. Marekani ilipiga marufuku glavu za unga kuanzia Januari 2017. Kwa Kagera mzio huu una sura yake ya pekee. Protini za mpira zinafanana na zilizomo ndani ya ndizi, parachichi na papai, na mtu aliyezoea kuvimba kwa glavu anaweza kuwashwa mdomo akila ndizi mbivu. Mara nyingi moto huziharibu protini hizo, kwa hiyo ndizi ya kupika inaweza kumwacha salama wakati ndizi mbivu inamsumbua. Katika mkoa ambao ndizi ndiyo chakula chenyewe, muuguzi akilalamika kwamba ndizi zimeanza kumwasha ukubwani, swali la kwanza la daktari liwe juu ya glavu zake. Glavu zisizo na mpira asilia humaliza tatizo hilo, ingawa kemikali za kuimarishia mpira zinaweza kubaki na kuleta ukurutu wa kuchelewa.

Sasa utajuaje ni kipi kati ya vyote hivi? Kipimo chake kina zaidi ya miaka 100: tangu miaka ya 1890, Josef Jadassohn alipoonyesha kwamba kemikali ikibandikwa kwenye ngozi itamfichua mwenye mzio nayo; siku hizi hubandikwa mgongoni kwa siku mbili. Si kipimo cha gharama ya kutisha, lakini kinahitaji kemikali zilizotayarishwa kwa viwango sahihi na jicho lililozoea ngozi nyeusi, kwa sababu wekundu unaoelezwa vitabuni kwetu huonekana kama weusi uliozidi au zambarau hafifu, na vidole vya mpimaji vinavyogusa uvimbe huambia mengi kuliko macho yake. Watu wenye ujuzi huo tunao: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho KCMC mjini Moshi kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi wa Tanzania na nchi nyingine za Afrika tangu 1992. Lakini kutoka Muleba hadi Moshi ni kuvuka nchi. Katika hali hiyo mgonjwa hupewa tyubu ya haidrokotisoni, anapata nafuu wiki mbili, anarudi kwenye dawa ileile, na baada ya mwaka anaambiwa ana pumu ya ngozi ya kuzaliwa.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri aondoe hatari zinazotokana na kemikali, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015 kwa mujibu wa sheria ya 2008, unagharimia magonjwa yanayotokana na kazi katika sekta ya umma na ya binafsi. Shirika la Kazi Duniani limeorodhesha ukurutu wa mzio miongoni mwa magonjwa ya kazini. Lakini dai linahitaji uthibitisho kwamba kemikali fulani ya kazini ndiyo iliyomdhuru mtu fulani, na uthibitisho huo unatoka kwenye kipimo kilekile kilicho mbali. Ndiyo sababu haki iliyopo kwenye karatasi haimfikii mfanyausafi wa wodi, ambaye kati ya wote ndiye anayeshika klorini kali zaidi na kuulizwa hali yake mara chache zaidi.

Na gharama haiishii kwake. Mkono wenye ukurutu hubeba vijidudu vingi kuliko mkono mzima, hasa stafilokokasi, na mtu anayeumia kila anaponawa ataanza kunawa nusu nusu au kuruka. Si uzembe, ni maumivu. Wakaguzi wa kinga ya maambukizi wanaohesabu mara ngapi wahudumu wananawa wangefaa kuwaomba pia wageuze viganja.

Yapo yanayoweza kuanza kesho katika hospitali ya wilaya bila mfadhili. Kopo la gliserini au mafuta mazito yasiyo na manukato liwekwe kwenye kila sinki na litumike mwisho wa zamu na kabla ya kulala. Lebo za klorini ziandikwe kwa rangi isiyofutika. Glavu zisivaliwe kwa kazi zisizo na damu wala majimaji, kwa sababu jasho la ndani ya glavu nalo linachubua. Mwanafunzi anayeingia chuo cha afya aulizwe kama alikuwa na ukurutu utotoni, si kwa nia ya kumkataa bali aanze na mafuta tangu siku ya kwanza. Na mfawidhi awe na daftari moja: nani, dawa gani, dalili zilianza baada ya dakika au baada ya siku, zilipungua likizo au hazikupungua. Swali hilo la likizo linaeleza mengi kuliko linavyoonekana. Anayejibu kwamba alivimba au alibanwa kifua ndani ya dakika chache apelekwe hospitali ya rufaa, na kwenye faili lake la matibabu iandikwe asipakwe dawa hiyo hadi apimwe.

Kipimo cha kubandika kingeweza kuletwa karibu. Hakihitaji orodha ndefu ya Ulaya; dawa za kuua vijidudu zinazonunuliwa na hospitali zetu ni chache, na kemikali za glavu ni chache pia. Seti fupi ya klorheksidini, kloroksilenoli, setrimidi, benzalkoni, iodini na viimarisho vya mpira, ikiwekwa kwenye hospitali ya kanda kama Bugando jijini Mwanza pamoja na mtaalamu aliyefundishwa Moshi, ingefikiwa kwa meli ya usiku kutoka Bukoba. Muuguzi angebandikwa Jumatatu, angesomwa Jumatano na tena Ijumaa, na wiki inayofuata mwajiri wake angekuwa na jina la kemikali ya kuondoa, na Mfuko wa Fidia ungekuwa na karatasi ya kuanzia.